Vikapu Vilirudi Vimejaa

Buterere, Bujumbura
16 Novemba 2025

Shangazi Ghanima mupenzi,

Pokea salamu za mutoto wa kaka yako, mi Mwanvua wa Shakuru, Mungu amurehemu huko aliko. Tuko wazima. Laila amefika miaka kumi na ameanza kunijibu vibaya, basi ujue anakula vizuri. Hamimu anakusalimia. Tumbo yangu ni kubwa sasa, ku santre ya afya waliniambia mutoto atakuja mwezi wa kwanza.

Na we, masikio? Watu wa boti walimuambia Muzee Nasor kwamba siku hizi hausikii hata adhana. Ndiyo maana naandika, na naandika herufi kubwa. Simu kwako ni bure tu, unaitika "ee, ee" kwa kila kitu. Siku ile nilikuambia wameniibia masufuria, ukajibu Alhamdulillahi! Barua zako zipitishe kwa huyu huyu Muzee Nasor, yule Mwarabu wa duka la sabuni na mafuta kule mujini. Mizigo yake inatoka Kigoma kila mara, na yeye hafungui barua ya mutu.

Sasa nikuambie: nimepata kazi. Usishangilie mbele ya kusikia ni kazi gani. Wamama wa huku wanalima mupunga mu bonde, na wanalima kwa ikibiri. Maana yake leo wote tuko kwa shamba ya huyu, kesho kwa ya yule, na mwenye shamba ndiye anapika. Hakuna mutu analipa mutu. Mukubwa wao ni Mama Joëlla, mwanamuke mufupi, sauti yake inafika mpaka Kajaga. Siku ya kwanza aliniangalia mikono akacheka: "Huyu mikono yake ni ya kupima vitenge." Na kweli, Shangazi, Bukavu miaka yote nilikuwa napima vitenge! Nikaingia mu tope hivyo hivyo, nikaanguka matako, wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini kesho yake waliniita. Wamesema nikimaliza nao musimu wote, watanikatia kipande pale mwisho, karibu na mufereji, pale maji yanaingia ya kwanza. Ni kipande kibaya. Nakitaka.

Laila wamemurudisha nyuma. Bukavu alikuwa darasa la tano, huku wamemuweka na watoto wadogo juu ya kuwa hajui Kirundi, na madarasa ya chini wanafundisha kwa Kirundi. Magoti yake yanagonga meza. Wiki ya kwanza alikuwa anarudi bila kufungua mudomo. Sasa amekijua, na ananisahihisha mbele ya watu.

Shangazi, tangu tukimbie Bukavu mwezi wa pili, roho yangu haikai. Kila lori inapita barabarani nafikiri inakuja kubeba wakimbizi kuwapeleka kambi ya juu kule milimani. Mvua ikinyesha sana tunapandisha godoro juu ya meza. Usiku napanga kuhama, asubuhi nakamata jembe naenda. Na sasa kuna huyu anayenipiga mateke. Mama yangu hayuko, mama mukwe alibaki. Ni we tu. Niambie namna ya kufanya nikizaa, nisifanye mambo ya kuaibisha mu inchi ya watu.

Mwanvua


Ujiji
9 Desemba 2025

Mwanangu Mwanvua,

Wa alaykum salaam na rehema za Mola. Barua yako ilikaa bandarini ikisubiri boti ipate shehena, imenifikia inanuka sabuni. Huku hatujambo. Mvua kidogo, dagaa ghali, wajukuu wamejaa nyumba nzima kama kuku. Masikio yangu usiyaulize, yamepumzika. Nimesikia ya kutosha.

Ebo! Binti Shakuru kwenye tope! Marehemu baba yako angesikia angeketi. Lakini mwenye shida hachagui, haya. Nakuonya jambo moja tu: moto wa watu, mgeni hausogelei mpaka aitwe, na akiitwa asikae karibu sana.

Umeniuliza ya uzazi. Sikiliza, maana hapa nazungumza kwa ujuzi. Mtoto akitoka, baba yake amwadhinie sikio la kulia na kukimu la kushoto, kabla hajasikia upuuzi mwingine wa dunia. Wewe unywe uji wa pilipili manga, ukandwe kwa maji ya moto hata ukilia, ujifunge tumbo kwa kanga. Kisha siku arobaini ndani. Nasema ndani. Mlango ufungwe na asiingie mtu, si mwanamume wala si mwanamke, hata aje malaika na kapu kichwani. Jicho la mtu baya. Nimezaa watano hapa Ujiji, na mara zote tano mlango wangu ulikuwa umefungwa, ndiyo maana mpaka leo mtaa mzima wananiheshimu. Mzazi anayeonwaonwa hana thamani.

Usinibishie katika hili.

Na Hamimu anafanya kazi gani huko? Umeandika tope, umeandika magoti ya Laila, kazi ya mumeo hukuandika.

Ni mimi shangazi yako,
Ghanima


Buterere
20 Januari 2026

Shangazi mupenzi,

Salamu. Tuko wazima, na tumeongezeka. Mutoto alizaliwa tarehe nane, asubuhi, mwanaume. Jina lake ni Shakuru. Nilijua utalia, futa machozi uendelee kusoma. Adhana alisoma Muzee Nasor, alikuja mwenyewe na kofia yake mupya. Hamimu anakusalimia.

Nimefanya kama ulivyosema. Uji nakunywa. Bibi wa Muzee Nasor alinikanda siku mbili za kwanza, maji ya moto mpaka nikamuita mama yangu, kisha akasafiri Rumonge kwa binti yake. Akishaondoka nikafunga mulango, ni Laila tu anaingia na kutoka.

Sasa sikia kilichonipata, juu tangu juzi silali.

Hapa mwanamuke akizaa, wenzake wanamuletea. Wanaita guhemba. Hawaji ovyo, apana. Wanapanga siku, wanachanga, wanavaa vizuri, wanafuatana barabarani na vikapu kichwani: muchele, maharagi, ndizi, unga, na vinywaji. Mutu akishahembwa, ni mutu. Sikujua. Laila aliniambia kitu kama hicho, eti wamama wanakuja Siku ya Mungu, Jumapili, nikamujibu waambie mama yako yuko mu arobaini. Sijui aliwaambia ao aliona haya.

Siku ya Mungu mchana, nikasikia wanakuja wakiimba. Sauti ya Mama Joëlla mbele. Wakasimama ku mulango. Akaita: "Mama Laila! Mama Laila, tumefika!" Shangazi, nilikuwa nimekaa ku mukeka, hatua mbili kutoka pale. Nikamutia mutoto ziwa mu kinywa asilie. Nikakumbuka maneno yako ya malaika na kapu, nikasema kumbe Shangazi aliona mbali. Waliita tena. Nilisikia mumoja anaweka kikapu chini, kisha anakibeba tena. Jua ilikuwa kali sana. Walikaa pale, wakangojea, wakaongea polepole, na mi nikakohoa. Nilikohoa, Shangazi! Nikasikia Mama Joëlla anasema, "Tugende," twende.

Wakarudi na vikapu vimejaa, mu kartiye, mutaa wetu muzima, watu wote wako nje, wanawaangalia. Laila alikutana nao njiani. Aliingia, akatupa viatu, akasema: "Walikuletea mpaka Fanta, juu wanajua haunywi pombe. Waliuliza. Na umewafungia kama mbwa." Nikamupiga kofi. Sasa haongei na mi.

Na haikuishia hapo. Jana shefu wa kartiye yetu, Sylvère, alipita nyumba kwa nyumba, nikamusikiliza bila kufungua. Anasema kila mukimbizi anayetaka kubaki hapa, majirani wawili wasimame mbele yake waseme wanamujua. Asiye na watu atapanda lori kwenda kambi. Siku ni tarehe kumi na tatu ya mwezi wa pili. Muzee Nasor na bibi yake wanakaa mujini, mu kartiye hii wanaonijua ni wale wamama tu. Nikipanda lori, mupunga nimeacha, shule ya Laila nimeacha, tunaanza tena na hema.

Nijibu haraka. Nifungue ao niendelee? Arobaini yangu inaisha ile siku ikishapita. Nimesikia mutu wa boti anaondoka leo, namutuma Laila na barua.

Mwanvua


Ujiji
29 Januari 2026

Mwanvua,

Hongera ya mtoto. Shakuru wa pili, Mola amkuze, amwepushe na ukaidi wa wa kwanza. Nimechinja kuku.

Umefanya vyema kufunga. Usifungue. Leo utawafungulia kwa sababu ya shefu, kesho watajua kuwa wewe hufunguliwa kwa vitisho. Kama wanakujua watasema wanakujua, kama hawataki hawataki, hata ungewapokea kwa udi na marashi. Watu ni watu. Mimi nimekaa ugenini miaka mingi kuliko umri wako, usinifundishe.

Kofi la Laila halikuwa la lazima. Mpe yai.

Jingine. Adhana ya mtoto ilisomwa na muuza sabuni. Baba yake alikuwa wapi? Salamu za Hamimu katika barua zako ni zile zile, neno kwa neno, kama zimekatwa kwa mkasi. Nina masikio mabovu, macho ninayo.

Ghanima


Buterere
5 Februari 2026

Shangazi,

Salamu zote. Leo sina za kupamba.

Hamimu hayuko. Alirudi Bukavu mwezi wa nane, eti kuangalia nyumba tu, wiki moja. Mwezi wa tisa alipiga simu mara moja, sauti inakatika, akasema "nakuja." Basi. Salamu zake nilikuwa natunga mimi. Sikutaka uniambie nimeachwa, na sikutaka kuandika kwa mukono wangu kwamba labda amekufa. Sasa nimeandika.

Na we nikuulize. Bibi wa Muzee Nasor alirudi toka Rumonge, akanikuta nimejifungia mu giza kama mwizi. Nikamueleza. Alicheka mpaka akashika ukuta! Anasema: "Nani kakudanganya? Kwetu mzazi hatoki, lakini wanawake wenzake wanaingia! Tunamfukizia udi, tunakula, tunapokezana mtoto. Nani alikwambia ufungie watu?" Nikamuambia ni shangazi yangu wa Ujiji. Akasema Ujiji anapajua, ana ndugu kule, na Ujiji wanawake wanajaa kwa mzazi mpaka wengine wanakaa nje.

Basi hiyo desturi ni ya wapi? Uvira kwetu mama hakunifungia mutu nilipoenda kuzaa Laila, alikuja yeye na shangazi zake wote na ngoma. Ujiji siyo. Bujumbura siyo. Ni ya wapi, Shangazi? Umeniweka gizani na desturi ya wapi?

Wamama wamepanda mupunga wiki hii bila mi. Nawasikia asubuhi wakipita. Hakuna anayegeuza kichwa.

Na kitu kimoja kinaniuma siku nyingi. Tangu nikimbie, umeniambia funga, kunywa, jifunge, jikaze. Haujawahi kuniambia, njoo. Kigoma ni boti moja tu.

Mwanvua


Ujiji
17 Februari 2026

Mwanangu,

Kesho au keshokutwa Ramadhani, na mimi sitaki kuingia mwezi na deni la ulimi. Nimeisoma barua yako mpaka mjukuu akaniuliza kama ni msahafu.

Desturi ile si ya mahali popote. Ni yangu.

Nililetwa Ujiji mwali, toka Uvira, sijui mtu. Mume wangu alikuwa mtu wa safari, ananiacha. Kiswahili changu kilikuwa kama chako, mutu na mutoto, na wanawake wa hapa waliniita Mkongo. Hawakunitukana. Waliniita tu hivyo, kama mtu anavyoita kiti kiti. Nikazaa. Nikajua watakuja, kwa kuwa nilishawaona wakienda kwa wengine. Nikatandika mkeka mpya. Nikafukiza udi, nikapika kaimati, nikauacha mlango wazi. Nikakaa na mtoto mapajani, nimejipaka wanja.

Walipita, Mwanvua. Walipita kwenda kisimani na walipita kurudi. Mmoja alichungulia, akasema "hongera Mkongo," akaenda zake. Kutwa nzima. Kesho yake tena nikaacha wazi. Kaimati zikawa ngumu. Siku ya tatu nikainuka nikaufunga kwa komeo, na waliponiuliza baadaye nikasema kwetu Uvira mzazi haonwi na mtu siku arobaini, ni mwiko mkubwa. Wakaamini. Wakasema Wakongo wana mambo. Na mimi nikaona afadhali niogopwe.

Mtoto wa pili nilifunga mapema, kabla sijajua kama wangekuja. Wa tatu hivyo hivyo. Labda kwa wa tatu wangekuja, nilishakaa sana. Labda walikuja wakakuta komeo. Sikuwahi kujua, na ndiyo inayonila, kwamba sikuwahi kujua.

Wako walikuja. Walikuja wakiimba, na Fanta juu! Na mimi nikawarudisha kwa mdomo wako. Mola anisamehe, na wewe ukiweza.

Sikukuambia njoo kwa sababu nyumba hii ni ya mkwe wangu, na mimi mwenyewe nalala chumba cha wajukuu. Na kwa sababu nyingine. Mpaka leo, nikipita, wazee wenzangu husema "yule Mkongo." Mimi, wa miaka yote hii, watoto watano wamezaliwa hapa. Ningekuita uje kuwa nani?

Kama shefu wako hajaja, fungua mlango. Kama amekuja, fungua vilevile.

Ghanima


Buterere
1 Machi 2026

Shangazi wangu,

Ramadhani karimu. Barua yako imefika juzi, mambo ya shefu yameshapita siku nyingi. Nilisoma nikikoroga uji wa futari, nikalia, uji ukaungua, Laila akakula hivyo hivyo. Nimekusamehe. Nakuambia pia njoo, tena njoo kweli, lakini soma mpaka mwisho kwanza ujue kama hapa ni mahali pa kuja.

Mi nilifungua barua yako haijafika. Siku ya Mungu tarehe nane, nilishindwa kukaa. Nikamuambia Laila, nenda kwa Mama Joëlla, mwambie mulango uko wazi, nimepika. Laila akaniangalia: "Nenda mwenyewe. Ni we ulifunga." Nikainua mukono, nikaushusha. Alisema kweli, shetani muzima huyu mutoto!

Basi nikamubeba Shakuru mugongoni, arobaini haijaisha, nikatoka. Jua ilinipiga macho nikayumba. Nikamukuta Mama Joëlla nyuma ya nyumba yake anafunga miche ya mupunga mafungu mafungu. Hakuinua kichwa. Nikasema kwa Kirundi changu cha kuvunjika, mbabarira, munisamehe, mutu wa kwetu alinidanganya, njoni leo, nimepika pilau. Akafunga fungu moja, akafunga lingine. Akasema: "Kikapu kikirudishwa hakirudi. Vile vitu tulishakula." Akaendelea kufunga.

Nikarudi nikapika kweli, juu nilikuwa nimedanganya kwamba nimepika. Muchele alinipa bibi wa Muzee Nasor. Nikatandika mukeka. Nikaacha mulango wazi, nikakaa na mutoto mapajani. Shangazi, sikujua habari ya kaimati zako bado. Ningejua, sijui kama ningeweza kukaa pale. Watu wakapita. Mvua ikaanza, maji yakaingia, nikainua mukeka, nikatandika tena. Niliinuka, nikakaa, nikainuka. Mara mbili nilikamata mulango nifunge, ni Laila aliyesimama katikati, anakula pilau ya baridi na mukono, hataki kutoka.

Saa kumi na mbili jioni akaja, yeye peke yake, amejifunika mufuko wa plastiki kichwani. Hakuingia. Alisimama pale pale anadondosha maji, akamuangalia mutoto sana. Akasema: "Ni huyu ulikuwa unatuficha? Kwa masikio hayo?" Nikamupa sahani. Akakula amesimama. Akarudisha sahani, akasema kesho ni ikibiri ya kipande chake cha mwisho, nimubebe mutoto nije, yuko muzee mumoja wa kumukamata pale ku tuta. Akaenda. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema.

Nilienda. Tope ilikuwa mpaka magoti, mugongo unauma kwa uzazi. Hawakuongea na mi mpaka saa sita. Nyuma yangu mumoja akaona musitari wangu, miche imezama yote, akasema: "We, unapanda ao unazika?" Wakacheka. Nikacheka na mi, na machozi yanatoka, nikasingizia tope imeingia mu jicho. Lakini kumbuka hakuna aliyeniahidi kitu. Kila nikitaka kuuliza juu ya shefu, nainama napanda muche mwingine.

Tarehe kumi na tatu tukaitwa. Watu wengi, ku uwanja wa shule. Lori ilikuwa pale, imezimwa, dereva analala na miguu nje ya dirisha. Mutu anaitwa, majirani wake wanasimama, anaandikwa. Mutu anaitwa, hakuna anayesimama, anaonyeshwa upande wa lori. Mbele yangu baba mumoja wa Uvira alienda upande ule na sufuria yake mukononi, sikuweza kumuangalia.

Sylvère akaita jina langu. Siyo mutu mubaya, amechoka tu. Akauliza: "Huyu Mwanvua, nani anamujua?"

Wamama walikuwa pale wote, wanaangalia chini. Laila akanikamata mukono, mara ya kwanza tangu lile kofi. Sylvère akauliza tena. Nikaanza kufikiri godoro tutalibeba namna gani.

Mama Joëlla akasimama, mukono ku kiuno.

"Mi namujua," akasema, na unaijua ile sauti, hata dereva aliamka. "Huyu namujua sana! Tulienda kumuhemba akatufungia mulango. Yuko ndani, tunamusikia anakohoa, na hafungui! Mupunga hajui, anauzika muzima muzima. Kirundi anakivunja. Binti yake ana kichwa ngumu kumushinda mama. Unataka nikuambie nini tena?"

Watu wakaanza kucheka. Nyuma yake akasimama mwingine, mama murefu ambaye hajawahi kunisalimia hata siku moja. Sijui hata jina lake, Shangazi. Akasema: "Hata mi namujua. Siku ile kikapu cha ndizi kilikuwa ku kichwa changu, kwenda na kurudi. Shingo inaniuma mpaka leo."

Sylvère alikuwa anacheka pia, anaficha na mukono. Akawauliza: "Sasa namuandika, ao namupeleka?"

Mama Joëlla akamuangalia kama mutu aliyeuliza kama maji ni maji. "Umupeleke wapi? Kesho ni kipande chake, kile cha ku mufereji, tunaenda kupanda."

Akaniandika.

Mwanvua wa Shakuru,
mutu wa Buterere